Walipaki Nyumba Yao Kwenye Njia ya Bibi Yangu

Wadau, hii stori nimekaa nayo muda mrefu. Nilikuwa naogopa mtasema natafuta kiki kupitia migongo ya watu. Kwa hiyo majina kapuni, na msianze kubahatisha huko chini. Jueni tu ni wapenzi wawili, mnawafahamu, na wafuasi wao ni wengi kuliko watu wote wa kisiwa chetu. Sensa ya 2022 ilituhesabu Mafia zaidi ya 66,000. Kwa wale, hiyo ni like za picha moja ya chai.

Mimi ni mzaliwa wa huku, nafanya kazi ya video Dar. Hawa ndugu walinunua Coaster iliyostaafu udaladala, wakang'oa viti, wakaweka kitanda, jiko la gesi, friji, sinki, tenki la maji na choo cha kubeba. Wakaiita gari-nyumba. Mpango ukawa kuzunguka nayo pwani, mimi nishike kamera. Nilipowaambia kwetu ni Mafia, dada akauliza, "Tutapaki wapi?" Nikajibu kama mwenye kisiwa: "Kwa bibi. Bure kabisa. Kwetu ni kwenu."

Msinicheke, nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kupaki pembeni ya lami ya Kilindoni kwenda Utende ni kujitafutia maneno, maana barabara ina hifadhi yake na si mahali pa kuanika nguo. Ufukweni napo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Ukivuka geti la Utende umeingia Hifadhi ya Bahari, iliyopo tangu 1995, na kule mgeni analipia siku anazokaa. Kijiji chetu kiko kabla ya geti. Uwanja wa bibi ni mpana, una minazi, una kivuli. Nani atatuuliza?

Basi tukateremka Nyamisati, tukapanda kivuko, tukakatiza mikoko ya Rufiji hadi Kilindoni. Watoto walitukimbilia kijiji kizima. Wadau, nilijiona staa!

Bibi alitoka na kanga yake, wakamwamkia, akaitikia marahaba. Akalizunguka lile gari taratibu, akachungulia kitanda, akaniita pembeni.

"Mume wangu, hiki kitu ni gari au ni nyumba?"

"Gari, bibi."

"Mbona lina choo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema lisikae hapo kati ya minazi miwili, lisogezwe nyuma ya banda. Nikamwambia sawa. Ila pale kati ndipo mwanga wa asubuhi unapoingia vizuri, na kule nyuma ya banda ni kuni na mavi ya mbuzi. Likabaki palepale.

Siku ya pili akaja mwenyekiti wa kitongoji. Mzee mpole, daftari kwapani. Aliuliza mambo matatu tu. Hawa wageni ni kina nani, awaandike. Maji yao machafu yanakwenda wapi. Na wanaondoka lini.

La kwanza nikajibu. La pili nikababaisha, maana lile bomba la sinki lilikuwa linamwaga mchangani, na kisima cha majirani kiko hatua chache tu kutoka hapo. Visima vyetu ni vifupi, unachomwaga juu leo unaweza kukinywa kesho. La tatu nikadanganya. Nikasema, "Kesho, mzee."

Akafunga daftari. "Mgeni siku mbili, mwanangu. Ya tatu unajua."

Usiku niliingia mtandaoni kutafuta utetezi. Nikakuta hata Marekani kuna mitaa ambayo chama cha wenye nyumba kinakukataza kupaki gari-nyumba mbele ya nyumba yako mwenyewe. Los Angeles gari haliruhusiwi kukaa barabarani sehemu moja zaidi ya saa 72. Nikajisemea, afadhali kwetu, hakuna kibao wala faini. Yaani nilidhani kisichoandikwa hakipo.

Usiku wa nne akafariki mzee wa nyumba ya nyuma yetu. Yule aliyenifundisha kupanda mnazi. Alfajiri tukasikia kilio, na kufika asubuhi ikajulikana anazikwa baada ya swala ya adhuhuri.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini bibi alisema nyuma ya banda. Pale kati ya minazi miwili ni njia. Haina alama, ni mchanga uliokanyagwa tu, lakini kutoka nyumba zile kwenda msikitini watu wamepita hapo tangu bibi hajaolewa. Harusi zimepita hapo. Majeneza yote yamepita hapo, pamoja na la babu yangu.

Kaka wa watu akaruka kwenye usukani kulisogeza. Kimya. Friji na taa za kurekodia vilikula betri usiku kucha. Tukatafuta gari la kubusti, tukalipata limechelewa. Lilipowaka, tairi za nyuma zikazama mchangani. Tukaweka makuti, tukasukuma vijana kumi, likazidi kukaa.

Jeneza likatoka. Waliobeba walifika mbele ya lile gari wakasimama kidogo. Hakuna aliyetukana, na bora wangetukana. Wakageuka, wakazunguka kwa nyuma, wakapita kwenye kuni na mavi ya mbuzi.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniangalia.

Niwe mkweli kwa wale wawili, maana najua mitandao inavyopenda kuchinja watu. Kaka alitembea na wengine hadi makaburini. Dada alizima simu, akaomba kanga, akaenda kukaa na kina mama kumenya mihogo hadi jioni. Ile siku hamjawahi kuiona popote. Kosa halikuwa lao. Wao waliuliza, "Tutapaki wapi?" Mimi ndiye niliyejibu.

Baada ya siku tatu wazee wakaniita. Mtendaji wa kijiji alikuwepo, akaeleza kwamba kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo na kuipeleka halmashauri ya wilaya ikubaliwe, sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inaruhusu. Mzee mmoja akamkatiza, "Tuandike nini? Kwamba usizibe njia ya maiti?" Kimya kikatanda.

Walichokubaliana ni hiki. Gari la mtu kulala lisikae uani kwa mtu, likae kwenye uwazi karibu na uwanja wa mpira. Wenyewe waandikishwe siku wanayofika. Maji machafu yachimbiwe shimo mbali na kisima. Na mimi niende nyumba ya nyuma, nikaombe radhi kwa mdomo wangu.

Nilikwenda. Mjane alinipokea vizuri, akanipa na chai. Aliniambia, "Alikuwa anakupenda sana yule." Nikashindwa kuimaliza chai.

Nilichojifunza ni kwamba gari likishalala usiku wa pili si gari tena, ni nyumba, na nyumba lazima iwe na majirani. Kabla ya kuangalia kivuli na mwanga, uliza watu wanapita wapi na wanachota maji wapi. Na usiulize wifi kama mimi, muulize bibi. Mwenyewe alishaniambia siku ya kwanza.

Video ya Mafia ilitoka, ikabamba, mliisifia sana ile asubuhi ya minazi. Mkiirudia, angalieni chini ya tairi ya mbele. Ule mstari mweupe wa mchanga unaoingia chini ya gari na kutokea upande wa pili ndiyo njia yenyewe.

Haya, wadau. Nyie mgeni wenu amewahi kuwaponza kwa majirani? Dondosheni yenu hapo chini. Majina kapuni, tafadhali.