Na Pijo la babu mpaka Iringa, mchana kweupe

Kwa vijana wengi wa mjini, Dar mpaka Iringa ni safari ya kulala. Unapanda basi Mbezi alfajiri, unabandika hedifoni masikioni, unazinduka Msamvu kununua chipsi, halafu unauchapa tena usingizi mpaka konda apige kelele "Ipogolo, Ipogolo!" Ukirudi unawaambia washikaji kijiweni kwamba njia ile unaijua. Njia gani, ndugu yangu? Umeijua vipi na macho umefumba?

Desemba 2024 mimi na binti yangu, ambaye alikuwa na miaka 17 na ndiyo kwanza ametoka kwenye mtihani wa Kidato cha Nne, tuliipita njia hiyo kwa siku mbili nzima. Hatukwenda na V8 wala Noah wala hizo IST mnazozihusudu. Tulikwenda na pick-up ya Peugeot 404 ya mwaka 1974, gari ambalo wazee huliita Pijo. Gia yake iko kwenye usukani, kiti ni benchi moja la mbele, redio hakuna. Nyuma tulipakia maboksi ya marumaru na msalaba wa chuma tuliouviringisha kwenye blanketi. Saruji tulijua tungeipata hukohuko Iringa.

Gari hilo lilikuwa la marehemu baba mkwe. Alilifanyia biashara ya nyanya na vitunguu miaka na miaka, akahamia nalo Dar, na alipofariki likabaki uani kwetu Tabata. Kuku walikuwa wakitagia chini ya benchi. Vijana wa skrepa walipita na mizani yao kila baada ya wiki chache, na kila mara mke wangu aliwatimua. "Hilo tutakwenda nalo nyumbani siku moja," ndiyo ilikuwa kauli yake, na sisi tunacheka. Machi 2022 akafariki yeye.

Sasa msomaji wangu, safari ya kusafirisha msiba kwenda bara unaijua. Mwili mbele, Coaster ya wafiwa nyuma, mnatoka Dar jioni ili alfajiri muwe mmefika. Binti yangu alikuwa na miaka 14. Alikaa dirishani usiku kucha na hakuona kitu zaidi ya taa za malori. Tukazika, tukakaa siku tatu, tukarudi usiku vilevile. Mwanzoni mwa 2024 tulipoanza kuzungumzia kwenda kujengea kaburi, akasema jambo moja tu: "Baba, mimi ile njia nataka niipite mchana. Na twende na gari la babu."

Nikamwambia gari la babu halina sakafu. Akajibu kwamba ameona.

Basi tukaingia Gerezani. Kama hujawahi kushinda Gerezani Jumamosi nzima, hujaijua Dar. Ni nyundo, moshi wa kuchomelea, mama ntilie anapita katikati na sahani za wali maharage juu ya kichwa, na kila mtu ni fundi hata yule aliyekuja kukojoa. Gari letu lilifika likiwa linakokotwa, mafundi bodi wakalizunguka wakicheka. Mzee mmoja tu hakucheka. Alifungua boneti, akapangusa kwa tambara, akasema: "Injini hii imelala upande. Ndivyo ilivyozaliwa, asije mtu akakudanganya kwamba imechomoka."

Ni kweli. Injini ya petroli ya 404, sisi 1,618, imeinamishwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini. Saluni yake ilitoka mwaka 1960, umbo limechorwa na Pininfarina wa Italia, na pick-up ikafuata 1967. Mzee akatutolea historia hapo hapo, mkono mmoja kwenye karabureta. Akasema gari hili lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na kwamba ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva wa hapahapa Dar es Salaam, akiwa na msomaji ramani wake Chris Rothwell. Binti akachomoa simu kumhakiki mzee wa watu. Akasoma, akanyamaza, akairudisha mfukoni. Tangu siku hiyo mzee akawa "mwalimu".

Jumamosi moja ikazaa nyingine mpaka ikafika miezi minane. Sakafu ilikatwa yote ikachomelewa bati jipya. Springi za nyuma zilipelekwa kufuliwa upya. Kitanda cha nyuma tukakipiga mbao za mninga, starehe yangu hiyo, sikumuuliza mtu. Spea ndiyo ilikuwa kazi: ukiuliza pistoni za Pijo 404 Ilala, wanakutazama kama umeuliza bei ya meli. Mwishowe pistoni na slivu zilitoka Nairobi kwa basi, zimefungwa kwenye gunia la sulfeti. Uzuri wa injini hii ni kwamba slivu zinachomoka na kuingia nyingine bila kuchonga bloku. Gasketi za pembeni mwalimu alikata kwa mkono, anagongagonga karatasi na nyundo ndogo mpaka shepu inajitokeza. Gharama sitaitaja, maana mama mkwe husomewa gazeti hili.

Vijana wa pale walianza kumtania binti. "Sista, utaharibu kucha." Mwezi wa tatu yeye ndiye aliyekuwa anapanga pointi, analala juu ya madigadi na kipimo cha gepu mkononi, na wale wale wanamwita injinia. Mimi kazi yangu ikawa kununua soda. Siku ya kuwasha, betri ikagoma, mwalimu akachomeka hendeli mbele kama kwenye sinema za zamani, akazungusha. Ikapiga chafya mbili, ikatoa moshi wa buluu, ikakamata. Gerezani nzima ilipiga makofi! Binti hakupiga. Alikuwa anasikiliza, kichwa upande, kisha akasema silinda moja haichomi vizuri. Na kweli.

Tuliondoka Tabata Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Mwendo wetu kilomita 60 kwa saa, tukijidai sana 70. Kibaha palikucha. Kila kitu kilitupita, mabasi, Coaster, hata bodaboda mmoja mwenye gunia la mkaa, lakini kila aliyepita alipunga mkono. Trafiki wa kwanza alitusimamisha, akakagua leseni, bima na matairi, halafu akauliza swali lililomsumbua: "Hii inatumia petroli ya kawaida?" Alipojibiwa akapiga picha akatuachia.

Barabara hii ina mambo yake. Waingereza waliiita barabara ya jehanamu. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa bandia, Zambia ikafungiwa njia ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupita hapa, mapipa juu ya malori, kwenye vumbi na matope. Lami ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo malori ni yale yale ya Zambia na Kongo, ila yameongezeka urefu. Ukiwa kwenye V8 lori ni kero. Ukiwa kwenye Pijo, lori ni jirani, mnakwenda pamoja kutwa, mpaka utingo wake mnamjua kwa jina.

Chalinze tukanywa chai. Morogoro, kilomita kama 190 kutoka Dar, tuliingia saa nne na nusu, Uluguru umejifunika mawingu kichwani. Tangu Juni 2024 treni ya umeme huwafikisha watu hapo kwa chini ya saa mbili. Nilimkumbusha binti. Akasema treni haisimami ukitaka kununua embe.

Mikumi ndipo gari letu lilipolipa kila senti. Hifadhi ile ilianzishwa 1964, na barabara kuu inaikata kilomita 50. Anayekwenda mbio anagonga mnyama na faini yake si ya kitoto. Sisi hatukuhitaji kibao cha kupunguza mwendo. Vioo tumeteremsha, swala na pundamilia kushoto, twiga wawili kulia wanatushangaa sisi. Mbele tembo watano wakavuka na mtoto wao katikati. Nikazima injini kwa heshima. Lori la nyuma nalo likazima. Kimya kikaingia ambacho sijakisikia Dar maisha yangu yote. Binti akasema polepole: "Kumbe usiku ule tuliwapita wote hawa."

Sikuwa na la kujibu. Nikasubiri tembo wamalize.

Tulilala Mikumi mjini. Hapa niwape kichekesho. Mtu mzima mwenye mvi anaingia gesti jioni na binti wa miaka 17, dada wa mapokezi anamkata jicho kuanzia viatu. Nikasema vyumba viwili, huyu ni mwanangu. Kimya. Binti akasogea kaunta: "Shikamoo dada. Huyu ni baba yangu, angalia pua." Dada akaangalia pua yangu, akaangalia ya binti, akatoa funguo mbili.

Jumamosi asubuhi tukateremka bonde la Ruaha. Mwezi wa kumi na mbili mibuyu imevaa majani, na wasiojua hudhani mibuyu siku zote iko uchi. Ruaha Mbuyuni wanauza vitunguu vimesukwa kama nywele, vyekundu, vinang'aa. Joto lilikuwa la tanuri. Halafu mbele yako unaona ukuta wa kijani umesimama, na katikati ya ukuta, juu kabisa, kitu kinatembea kama sisimizi. Hilo ni lori. Huo ndio mlima Kitonga.

Tuliuingia kwa gia ya kwanza nyuma ya semitrela ya Kongo. Hakuna kupita, hakuna haraka, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa. Katikati ya mlima rejeta ikachemka. Tukapata mahali papana, binti akaruka kabla sijavuta hendibreki, akasukumia jiwe nyuma ya tairi, akakata matawi akayapanga barabarani kuonya wenzetu. Boneti ikafunguliwa, kifuniko hakuna kugusa. Alipotazama akagundua mkanda wa feni umelegea. Spana anayo mfukoni, suruali yake mifuko sita.

Mkanda ulipokazwa ikabaki kusubiri maji yapoe. Tukakaa kwenye mbao za nyuma, miguu inaning'inia, bonde lote chini yetu.

"Ni hapa," akasema. Usiku ule Coaster ilikuwa imepunguza mwendo kwenye mlima, wakina mama wakaanzisha wimbo wa kanisani, na yeye akatazama nje akaona giza tupu, hakuna hata taa moja. Aliamini kwamba mama yake anapelekwa mahali ambapo hakuna kitu. Miaka yote ile, akifumba macho, anaona lile giza.

Nikamwonyesha mto ulivyojikunja chini. Nikamwambia mama yake akiwa darasa la nne alipanda mlima huu kwenye mbao hizihizi, au zilizotangulia hizi, amelalia magunia ya vitunguu, na babu akimgongea kwa kiganja kwenye paa kujua kama yuko macho, naye anagonga kujibu. Mara mbili maana yake nipo. Alinisimulia mwenyewe kabla hatujaoana, kwenye daladala, Ubungo, foleni ya jua kali. Binti hakuwahi kulisikia hilo. Alilia, nikamwacha alie. Baadaye akauliza kama rejeta imepoa, nikasema imepoa.

Ukimaliza Kitonga hewa inabadilika kama mtu kafungua friji. Ilula nyanya zimepangwa kwenye ndoo barabara nzima. Iringa yenyewe iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jina lake limetokana na neno la Kihehe lilinga, ngome. Hatukuingia mjini. Tulinunua saruji Ipogolo tukashika vumbi la kuelekea Tosamaganga, na baada ya hapo kijiji ni chetu, sikitaji.

Mama mkwe alisikia mlio kabla ya kuona gari. Tulimkuta amesimama barabarani na kanga ameishika mkononi. "Kamwene," binti akamsalimu. Bibi hakuitikia kwanza. Aliweka kiganja kwenye boneti ya moto, akakiacha pale mpaka nikaogopa ataungua.

Kaburi lilichukua siku mbili. Fundi wa kijijini alijenga, binti akachanganya zege na kupanga marumaru, na Jumatatu jioni msalaba ukasimama. Padri alikuja, watu wakala. Jumanne binti alitaka kujaribu usukani, nikampeleka uwanja wa mpira ambako hakuna cha kugonga ila magoli. Bibi akasema naye anapanda. Wakazunguka uwanja gia ya kwanza, mara tatu, mimi nimesimama kona kama mshika kibendera. Mzunguko wa nne nikasikia bibi akigomba dirishani: "Babu yako hakuwa mwoga hivi. Kanyaga!"

Jumatano tukarudi. Kitonga kushuka ni gia ya pili kutoka juu mpaka chini, mguu mbali na breki, na uvumilivu. Mikumi tulilala gesti ileile. Safari hii dada wa mapokezi hakuuliza kitu, aliomba picha na gari tu, na binti akamtoza soda mbili.