Karai Langu la Mayungu

Nilizaliwa Mtambile, kwenye barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani, nikalelewa kwa karafuu. Katika miaka ya 1980 bei ikaanguka, kwani Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilikuwa imeanza kujitosheleza kwa karafuu zake. Wakati huo ndipo akaja mvuvi aliyezaliwa Kenya kwa wazee wa Kipemba, kutafuta mke kwao. Baba akakubali. Tukavuka usiku kutoka Wete hadi Shimoni, na kutoka hapo kwa gari mpaka Mayungu, kusini ya Malindi.

Wapemba nimewakuta kule. Mvuvi wa kwetu hakai pahala pamoja. Huenda dago, yaani kambi za uvuvi, Tanga, Mafia, Vanga, Malindi, na wengine hawarudi. Baba mkwe alivuka kabla ya uhuru wa Kenya, zama ambazo ukanda wa maili 10 wa pwani ile bado ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Aliyekubaliana na Kenyatta, Oktoba 1963, ukanda ule uwe wa Kenya ni Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar na Mpemba mwenzetu. Basi mzee alitoka nyumba moja kwenda chumba cha pili, mpaka ukaja kupita baadaye.

Kazi yangu niliipata ufukweni. Mwanamke anayenunua samaki na kuwakaanga kule huitwa mama karanga. Chombo kikifika, mgao una taratibu zake: fungu la chombo, fungu la nyavu, kinachobaki ndicho cha mabaharia. Nguru na kolekole huchukuliwa na tajiri, yule aliyekopesha nyavu na mafuta, naye ndiye mwenye mizani na bei. Sie tuligombania tafi, vibua na changu wadogo.

Jirani yangu Mgiriama ndiye aliyenifundisha. "Usimtoe mapema, mama. Samaki wa kwenda bara sharti akauke." Mtambile tulizoea kumla siku ile ile, kwa mchuzi wa nazi. Mayungu nilijifunza kumkatakata, kumtia chumvi na kumkaanga mpaka afike Ganda na Jilore, mbali na bahari, bila kuharibika. Kaskazi ilipojaza samaki nilikaanga hadi magharibi. Kusi ilipochafua bahari, vyombo havikutoka, nikauza mahamri na mbaazi alfajiri. Fedha za skuli za wanangu wote zilitoka kwenye karai lile, na nalisema kwa fahari.

Watoto walikua wakisema Kigiriama kuliko Kipemba changu. Msikiti ulikuwa karibu, majirani walitupa sima siku za njaa. Watu hawakututenga hata kidogo.

Kilichotutesa ni kipande. Bila kitambulisho hupati leseni ya kuvua, na askari wa doria akikukamata baharini wewe ni mgeni haramu. M-Pesa ilipoingia 2007, laini yangu iliandikishwa kwa jina la jirani. Jasho langu lote likawa mkononi mwa mtu mwingine, na namshukuru Mungu alikuwa mwaminifu. Mwanangu wa kwanza alikwenda na wenziwe wa darasa kuomba kipande. Wenziwe wakapewa. Yeye akaulizwa babu yake alivuka mwaka gani, na nani shahidi. Mzee alikuwa keshakufa, na mashahidi wake pia.

Wamakonde wa Kwale walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016, wakapata uraia, tulijua kuwa yawezekana. Tarehe 28 Julai 2023, Kilifi, Rais William Ruto alitangaza kuwa Wapemba ni raia. Nililia pale pale. Mume wangu hakuiwahi siku ile.

Sheria ya uraia ya 2011 ilimruhusu kuomba uraia asiye na nchi aliyeishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyake. Kwa hiyo kila kitu hurudi kwa yule mzee aliyevuka. Ndugu unayesoma, ukiwa na mzee kama huyo nyumbani, awe Kilifi au Kwale, muulize leo: ulitoka kijiji gani, mwaka gani, nani alikupokea? Andika, na mashahidi walio hai watie saini.