Mashua ya Lamu: ya Kazi na ya Mashindano

Mgeni atokaye bara kama mimi, asimamapo gatini Lamu, hudhani kwamba mashua zote ni sawa: mlingoti mmoja ulioinamia mbele, foromali ndefu, na tanga la pembe tatu. Nami nilidhani hivyo mpaka nahodha mmoja wa Matondoni, mzee ambaye nilizoea kumwandikia barua zake, aliponialika kupanda chombo chake katika mashindano ya Mwaka Mpya mbele ya Shela.

Matondoni ni kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa, nacho kinasifika kwa mafundi wa vyombo. Mafundi hao hawachori kwanza katika karatasi. Vipimo vyao vimo machoni na mikononi. Mataruma huyatafuta katika matawi yaliyopindwa na Mungu mwenyewe, kwani ubao ulionyooka ukichongwa upinde huvunjika upesi. Kati ya mbao hukalafatiwa pamba iliyochovywa mafuta. Mji wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni huja kuitazama milango yake; mimi ningewapeleka kwanza Matondoni.

Mashua ya mzee huyo hupakia mawe ya kujengea na mchanga. Nilimwuliza kwa nini asiunde nyingine, nyembamba, ya mashindano tu. Akacheka. “Bwana Karani, ikiwa na tumbo jembamba, mawe nitayapakia wapi? Na watoto watakula kikombe cha ushindi?” Basi chombo ni hicho hicho kimoja, na ufundi wote umo katika kukigeuza.

Siku chache kabla ya mashindano waliipandisha mashua mchangani, maji yalipokupwa. Wakaikwangua magamba, wakaipitishia moto wa makuti makavu ili kuua wadudu watobolao mbao, kisha wakaipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, hata ikateleza kama samaki. Mashine, ambayo siku hizi mashua nyingi zinayo, ikaachwa pwani. Tanga la kazi likaondolewa, likafungwa kubwa kulipita. Mahali pa mawe wakatia magunia ya mchanga yawezayo kuhamishwa, na watu wengi kupita kawaida. Mimi pia, sina budi kukiri, nilichukuliwa kwa ajili ya uzito wangu.

Tulipokwenda na upepo tulikuwa mbele ya wote. Kaskazi ilijaza tanga, na lile tumbo pana halikutudhuru. Kazi ilikuwa katika kubisha. Mashua haigeuzi omo yake kupita katikati ya upepo. Huuzungushia upepo nyuma, na mabaharia huipitisha foromali mbele ya mlingoti, upande wa pili. Kila mgeuko hupoteza mwendo, na mkondo baina ya Lamu na Manda hauna nafasi ya uvivu. Ubao mrefu ulitokezwa upande wa upepo, vijana wakapanda juu yake wakining’inia juu ya maji. Mimi nilihama pamoja na magunia, na mara moja nilichelewa; nikatukanwa kwa adabu.

Katika mgeuko wa tatu nilihisi miguu yangu imelowa. Maji yalikuwa yakipanda katika ngama. Juma lililotangulia jiwe zito lilikuwa limegonga ubao karibu na omo, na kalafati ilikuwa imeanza kulegea kwa kishindo cha mawimbi. Mashua moja tu ilikuwa mbele yetu, nayo haikuwa mbali. Vijana wakapiga kelele tusiache. Mzee aliutazama ubao, akautazama mlingoti ukilia, akaamuru wawili washuke wafue maji, kisha akalegeza tanga kidogo. Hakuna aliyembishia, ingawa mmoja alilia waziwazi. Mashua mbili zikatupita. Tukafika wa nne.

Jioni hiyo sikuthubutu kumpa pole. Asubuhi ya pili nilimkuta Matondoni, maji yamekupwa, amechutama chini ya omo akisukuma pamba mpya kwa patasi. Tanga kubwa lilikuwa limekunjwa kivulini. Karibu na mashua palikuwa na rundo la mawe, na mwenye mawe hayo alikuwa amekaa juu yake akingoja maji yajae.