Gita la Kusimama Nalo Usiku Kucha

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, bendi ndogo za benga, muziki wa gita wa Waluo, za Migori na Homa Bay, yetu ikiwamo, ziliishi kwa matanga. Baa za Rongo na Awendo zilituita mwisho wa mwezi, na harusi hazikukosekana, lakini riziki yenyewe ilitoka kwa wafiwa. Tulianza kupiga saa tatu usiku, tukamaliza majogoo wakiwika. Kila mara palikuwa na pakruok: mtu anatoa pesa, muziki unasimamishwa, anashika maikrofoni anajisifu, anawasifu shemeji zake, kijiji chake, ng'ombe wa babake. Niliipenda sana pakruok kwa utamu wa maneno yake, na ndiyo iliyonifundisha uzito wa gita. Ukiwa unapiga huhisi bega. Ukisimama kimya ukingoja mtu amalize kuutaja ukoo wake, mkanda unakukata.

Mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ambayo benga imerithi mengi kutoka kwayo, hukaa kwenye kigoda kifupi, nyuzi zake nane zikiwa mbele yake, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao za ala. Uzito unabebwa na ardhi. Sisi wa gita la umeme tulisimama, na mzigo ukahamia begani.

Gita la bendi yetu lilikuwa la umbo la Les Paul, la mti mzito. Tulilitundika kwenye mizani ya mchuuzi wa mbuta pale ufukweni Homa Bay, likafika kilo nne na nusu. Mlio wake ulikuwa mnene, mzuri kwa nyimbo za polepole. Lakini solo ya benga hupanda shingoni hadi kule freti zinapobanana, na sharti itoke nyembamba, kali, juu ya besi inayorukaruka. Gita lile lilikuwa nene pale shingo inapoungana na mwili, kiganja kikakwama njiani. Sikiliza rekodi za Shirati Jazz ya D. O. Misiani, aliyezaliwa upande wa Tanzania, si mbali na mpaka wetu: waimbaji wakinyamaza, magita hubaki peke yake yakikimbizana, na hapo ndipo watu huinuka. Sauti hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta, kwa bei ya mtu anayelipwa kwa matanga.

Magita mapya ya Nairobi yalinishinda bei. Yaliyokwisha tumika yaliletwa na wanamuziki waliorudi nyumbani, nami nikawa nayabeba kwenye boda boda ya baiskeli kumpelekea mzee wetu wa bendi ayakague. Moja lilikuwa jepesi mno, nikafurahi. Mzee akanivalisha mkanda, akasema, "Mwanangu, liachie shingo." Nilipoachia, kichwa cha gita kikaelekea sakafuni. Mwili ukiwa mwepesi kuliko shingo, mkono wa kushoto unageuka kuwa nguzo ya kushikilia gita, na vidole haviwezi tena kukimbia. Mizani ya samaki haikuonyeshi jambo hilo. Tangu siku ile sijamruhusu kijana yeyote anunue gita akiwa ameketi.

Nililolichukua hatimaye lilikuwa Yamaha Pacifica lililochubuka rangi, la takriban kilo tatu na nusu, lenye mikato miwili mwilini inayouacha mkono ufike juu kabisa. Niliachia shingo, likatulia. Mzee hakuridhika bado. Alitaka tulijaribu karibu na jenereta, taa za mirija zikiwaka, kwa kuwa ndivyo boma la matanga lilivyokuwa. Pikapu, yaani vinasa sauti vya gita, za koili moja zilinguruma. Ile ya koili mbili, iliyo karibu na daraja la nyuzi, ilinyamaza vizuri, kwani koili zake zimepangwa ili ngurumo ya moja iifute ya nyingine. Nikajua nitapigia hiyo jenereta ikiwa karibu, na niwashe ya koili moja shingoni nikiombwa nyimbo laini, maana Musa Juma na Orchestra Limpopo walikuwa wamewazoesha watu benga iliyochanganywa na rumba, na kila boma lilizitaka.

Bei yake ilimeza malipo ya matanga kadhaa. Mkanda nilishonewa na fundi wa viti vya magari mjini Migori kutoka kwa mkanda wa usalama wa matatu mbovu, mpana, uliotandaza uzito begani. Pesa iliyobaki niliinunulia nyuzi za kwanza za akiba, kwa kuwa huo ndio uzi ambao solo ya benga huukata, tena katikati ya wimbo.

Usiku wa kwanza nalo ulikuwa Ndhiwa. Mjomba wa marehemu alifanya pakruok ndefu kweli, akapanda vizazi hadi kwa babu wa babu, nami nikamsikiliza hadi neno la mwisho. Mwaka uliofuata mpiga ridhimu wetu naye akatafuta la aina ile ile.