Vakyumu Chini ya Mlima Kwaraa

Ufundi wa majokofu nilijifunzia Chang'ombe, Dar es Salaam. Huko tulizoea kwamba pampu ya vakyumu ikishamaliza kazi yake, sindano ya geji ya bluu hulala karibu na inchi 30 za zebaki chini ya sifuri. Nilipohamia Babati, miaka michache baada ya Mkoa wa Manyara kumegwa kutoka Arusha mwaka 2002, sindano ile ile, kwa pampu ile ile, ilifika 25 na kitu na kukataa kwenda mbele. Mafundi niliowakuta mjini walikuwa na maelezo mbalimbali: pampu imechoka, oili ni feki, umeme mdogo. Wapo walioiacha pampu ingurume usiku kucha wakitafuta inchi tano ambazo hapa hazipo.

Hazipo kwa sababu Babati iko juu, kama mita 1,370 kutoka usawa wa bahari. Geji ya kawaida hulinganisha kilichomo ndani ya bomba na hewa iliyoko nje. Hewa yetu ya nje ina mgandamizo wa inchi 25 na nusu hivi za zebaki, na hakuna pampu itakayoondoa zaidi ya kilichopo. Ndiyo maana hata maji ya chai huku huchemka yakifika nyuzi 95 hivi. Mwaka 1648 Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda na mrija wa zebaki mlima Puy de Dôme kule Ufaransa, na kadiri alivyopanda ndivyo zebaki ilivyoshuka. Basi linalotoka pwani kuja Babati hufanya jaribio hilo hilo kila siku, ila abiria hawana zebaki.

Kwangu mimi hilo si jambo la vitabuni. Fundi akizoea kwamba 25 ni kazi safi, kisha akapata kibarua Tanga, atafunga friji ikiwa bado na hewa nyingi ndani. Na hata hapa Babati sindano ile haitoshi. Jokofu linatakiwa livutwe hadi ibaki nusu milimita ya zebaki au chini yake. Tofauti kati ya hapo na milimita kumi, ambayo ni kazi mbovu kabisa, kwenye geji ya kawaida ni chini ya nusu inchi, karibu upana wa sindano yenyewe. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichonunua fedha zilipopatikana kilikuwa geji ya vakyumu ya kielektroniki, ambayo hupima kilichobaki ndani bila kujali uko Tanga au hapa Babati, chini ya Mlima Kwaraa. Wateja hawakukiona kifaa hicho kama kitu cha maana. Mimi kilinibadilishia kazi yote, kwa sababu kilinionyesha kwamba tatizo langu halikuwa pampu. Lilikuwa viungio.

Watu hudhani kiungio kisichovuja gesi hakiwezi kuvuta hewa. Sivyo. Mipira ya geji tunayotumia wengi imetengenezwa kuzuia gesi isitoke kwa nguvu. Ukiivuta vakyumu, vijipete vya mpira kwenye ncha zake hulegea, na ukuta wa mpira wenyewe hupitisha hewa kidogo kidogo. Juu ya hayo ni myembamba na mirefu. Mgandamizo ukishuka, hewa iliyobaki haikimbilii pampu, ni lazima ipewe njia pana. Bomba lenye kipenyo mara mbili hupitisha hewa hiyo angalau mara nane zaidi. Nilipoacha mipira ya robo inchi nikatumia bomba fupi la shaba la nusu inchi, lililofungwa kwa nati moja kwa moja kwenye pampu, na kuitoa ile sindano ndogo ya valvu inayoziba njia, kazi iliyokuwa ikichukua asubuhi nzima ilianza kuisha kabla chai haijapoa. Pampu haikubadilika.

Kuchagua kiungio huanza na swali moja: je, hapa patafunguliwa tena? Kama hapana, ninachomelea kwa kijiti cha fedha, huku naitrojeni ikipita taratibu ndani ya bomba ili pasifanyike magamba meusi yatakayokwenda kuziba kapilari, bomba jembamba la gesi. Kama ndiyo, kwa mfano kwenye kiyoyozi au kwenye chumba cha baridi cha bucha, ninaweka nati ya flea, yaani mdomo wa bomba uliopanuliwa ukaegemea koni ya shaba nyeupe. Hapo kinachoziba ni uso kwa uso, shaba laini juu ya koni. Nyuzi za nati kazi yake ni kubana tu. Nimekuta flea nyingi zimezungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba. Tepu ile haizibi chochote pale, na vipande vyake vikiingia ndani huishia kwenye draya, kichujio cha unyevu. Bomba likatwe kwa kikatio cha gurudumu, si kwa msumeno. Makali ya ndani yaondolewe mdomo ukiwa umeelekea chini ili vumbi lidondoke nje. Nati iingizwe kabla ya kupanua. Tone la oili ya kompresa nyuma ya mdomo ili nati isiusokote. Spana mbili kila mara, moja ishike, nyingine ikaze. Anayetumia spana moja hupinda bomba, na ufa huja baadaye kompresa inapotikisika.

Kisha huja sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii. Unafunga valvu, unazima pampu, unaitazama geji. Namba zikipanda bila kusimama, kuna tundu. Zikipanda kidogo halafu zikatulia, ndani kuna maji yanayogeuka mvuke, na dawa yake ni kuendelea kuvuta, kwa kulipasha bomba joto ikibidi. Msimu wa masika, friji za wauza samaki wanaoleta perege na kambale wa Ziwa Babati huja kwangu zimekaa wazi siku kadhaa baada ya mtu kukata bomba na kuliacha hivyo. Oili ya kompresa za gesi ya R134a hunywa unyevu kutoka hewani. Unyevu huo humenyuka na oili kutengeneza asidi, na asidi hula waya za mota.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Fundi, mbona unalitazama tu na hufanyi kitu?" Nikamwambia, "Mama, hii ndiyo kazi yenyewe. Nikiharakisha hapa, samaki wako wataoza mwezi ujao." Alivuta kigoda akakaa, tukaitazama pamoja.

Kijana ninayemfundisha sasa amekutana na friji ambazo mimi sikuzikuta nilipoanza. Nyingi hutumia R600a, gesi inayoshika moto, na ndiyo iliyomo pia katika majokofu mengi ya chanjo yanayotumia jua, ambayo lazima yabaki kati ya nyuzi 2 na 8. Mwali wa moto karibu na bomba lenye masalia ya gesi hiyo ni hatari kwa roho ya mtu. Kwa hiyo nimemzoesha viungio vya pete vinavyobanwa kwa koleo maalumu bila moto wowote. Ni ghali, huagizwa kutoka nje, na kila kipimo cha bomba kina pete yake. Wiki hii aliniletea pete ya milimita sita ili aitumie kwenye bomba la robo inchi, akaniambia tofauti ni ndogo mno. Nikampa kalipa apime mwenyewe: bomba 6.35, tundu la pete 6. Akairudisha dukani.