Majina Mawili

Wenye umri wa wazazi wangu ukiwatajia jazz wanakumbuka Western Jazz na Morogoro Jazz, bendi zilizobeba neno hilo huku zikipiga dansi la kwetu. Jazz ya Marekani nimeijua ukubwani, na walionikalisha kitako niisikilize ni mke na mume: Toshiko Akiyoshi na Lew Tabackin.

Akiyoshi ni Mjapani, mpiga piano, aliyezaliwa Manchuria mwaka 1929. Mwaka 1956 alikwenda Boston kusoma muziki Berklee. Tabackin ni mzaliwa wa Philadelphia, mpulizaji wa saksofoni na filimbi. Walioana 1969, wakahamia Los Angeles 1972, na mwaka uliofuata wakaanzisha bendi ya watu 16.

Sasa, utamu uko hapa. Bendi hiyo ilipiga tungo za Akiyoshi. Mke anatunga, anapanga kila chombo kiingie wapi, kisha anasimama mbele kuongoza. Mume anakaa kwenye safu ya wapulizaji, akisubiri zamu yake. Nilijiuliza swali la kijiweni kabisa: hivi huyu bwana hakuona taabu?

Jibu nililipata kwa kusikiliza "Kogun" ya mwaka 1974, utungo uliotokana na habari za askari wa Kijapani aliyejificha misituni Ufilipino karibu miaka 30 baada ya vita kwisha. Ndani yake mna ngoma za tsuzumi za Kijapani, na filimbi ya Tabackin inapita katikati kama mtu anayetembea peke yake usiku. Ukisikiliza unaelewa kwamba nafasi ile haikuachwa kwa mpulizaji yeyote tu. Iliandikwa na mtu anayeijua pumzi ya mwenzake. Noti ni za mke, lakini bila mume zingebaki karatasini.

Jambo hili linanigusa kwa sababu mimi na mume wangu tunaandika hadithi pamoja. Mimi napanga kisa, yeye ana sikio la mazungumzo. Sura moja inaweza kupita mikononi mwetu mara tano. Ndugu wanatukumbusha kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Mchapishaji mmoja naye ametushauri tuweke jina moja tu jaladani, la mume, eti majina mawili yanamchanganya msomaji.

Basi nikatazama majina ya bendi yao. Mwanzoni ilibeba majina yote mawili. Walipohamia New York mwaka 1982 na kuiunda upya, ikaitwa kwa jina la Akiyoshi, na Tabackin akatajwa kama mpulizaji wake mkuu. Mwenye tungo akatajwa kuwa ndiye mwenye tungo, na mume akaendelea kupuliza vilevile, hadi bendi ilipovunjwa 2003 ili Akiyoshi airudie piano yake. Ndoa haikuvunjika.

Kwao jina lilifuata kazi. Kwetu kazi ni ya mikono minne, na hakuna sura ninayoweza kukuonyesha nikasema hii ni ya mmoja. Mume wangu ndiye aliyeandika barua ya kumjibu mchapishaji, mimi nikaifupisha. Inasema majina mawili, au tunautafutia mswada nyumba nyingine. Tumetia saini wote.