Kibanda cha Voi Kihamiwe Kuanzia Paani

Uingereza kibanda cha bustani huuzwa kikiwa tayari: kuta nne za mbao nyembamba, paa la mbao lililofunikwa kwa karatasi ya lami, mlango na dirisha. Watu wawili hukisimamisha kwa siku moja. Kiliundwa kwa ajili ya mashine ya kukatia nyasi na baiskeli, lakini tangu korona ilipowafungia watu majumbani mwaka 2020, vibanda vingi vimegeuzwa ofisi na karakana. Hapo ndipo kazi ya kuvihami huanza, maana ubao wa unene wa sentimita moja hauzuii baridi ya Januari.

Kwetu Voi, nchini Kenya, nako kuna kibanda cha tayari. Fundi wa jua kali huchomelea fremu ya chuma, akaivika mabati, kikapakiwa kwenye lori na kushushwa kando ya barabara. Kinakuwa duka la M-Pesa, kinyozi, fundi simu au mshonaji. Ikifika saa saba mchana, mwenye kibanda hutoka kukaa chini ya mwarobaini, na biashara inasimama. Nimeliona hilo tangu utotoni na bado naliona kila nikirudi likizo. Linaniuma, kwa sababu dawa yake si ghali.

Shida ni kwamba sisi tulio ughaibuni, tukituma pesa za kuboresha kibanda cha ndugu, tunatuma pamoja nazo mawazo ya huku. Hapa Leicester, Uingereza, ninapoishi, fundi anapambana na mambo mawili: joto linalotoroka na unyevu unaobaki. Hujaza foamu ngumu au sufi ya madini kati ya nguzo za ukuta, sakafuni na chini ya paa, kisha kwa ndani hutandaza nailoni nzito isiyopitisha mvuke kabla ya kufunika yote kwa plaiwudi. Nailoni hiyo ndiyo roho ya kazi. Pumzi ya mtu na kikombe chake cha chai vina mvuke, na mvuke ukipenya hadi kwenye mbao baridi hugeuka maji. Baada ya misimu michache ya baridi, ukuta unaota kuvu ndani kwa ndani na hakuna anayeona.

Sasa upeleke mpango huo Voi. Mji uko karibu nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua halikai mbali na utosi mwaka mzima. Kuta hupigwa asubuhi na jioni. Paa hupigwa kutwa. Bati lililoshinda juani huweza kupita nyuzijoto 60, na joto hilo halishuki kwa njia ya hewa, kwani hewa moto hupanda. Hushuka kama mionzi, moja kwa moja hadi kichwani mwa aliyeketi chini yake. Ukijaza foamu kwenye kuta na kuacha paa lilivyo, umelifungia joto ndani.

Pa kuanzia ni dari. Fundi apige dari ya plaiwudi, aache nafasi ya shubiri moja au zaidi chini ya bati, na atoboe matundu pande mbili zinazotazamana ili upepo uingie huku na kutokea kule. Matundu yawekwe wavu, vinginevyo popo watahamia. Pesa ikibaki, itandazwe karatasi ya foili kati ya bati na dari. Hapa hata mafundi wazuri hukosea: foili iliyobanwa pande zote mbili haisaidii. Sharti iachiwe nafasi ya hewa, na upande unaong'aa utazame chini. Ukitazama juu, vumbi jekundu la mbuga ya Tsavo, lile lile linalowapaka tembo rangi, litaufunika. Ukitazama chini hubaki safi, na uso unaong'aa hautoi mionzi ya joto kwa urahisi.

Juu ya bati, rangi nyeupe. Kisha upenu mpana upande wa mashariki na wa magharibi, na madirisha mawili yanayoelekeana. Nyumba za kale za Wataita, za msonge, ziliezekwa nyasi nzito. Wazee walijua jua linaingilia wapi.

Lakini kaunti yetu ya Taita Taveta si Voi pekee. Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Wundanyi, kule milimani, karibu mita 1,400. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzijoto 6 hivi, na pepo za Bahari ya Hindi huleta ukungu unaokaa milimani asubuhi. Huko bati hutoa jasho alfajiri na kudondokea daftari za mtoto anayejisomea. Huko ndiko maarifa ya Leicester yanakofaa: foamu juu ya dari, nailoni chini yake, mlango usiopitisha upepo.

Na kuna mchwa. Uingereza adui wa mbao ni kuoza, kwa hiyo kibanda huinuliwa juu ya vigae vya zege. Kwetu kiinuliwe vilevile, mbao isiguse udongo kabisa, na vile vijia vya udongo vinavyopanda nguzoni vikaguliwe mara kwa mara. Foamu si kinga: mchwa hawaili, ila huitoboa wakielekea kwenye mbao. Tena foamu nyeupe hushika moto upesi. Mahali penye waya za kuungaunga na jiko la makaa jirani, isiachwe wazi.

Ndugu yangu uliye Leicester, Doha au Boston, ukiambiwa kwamba kibanda cha nyumbani hakikaliki mchana, uliza kwanza kama kina dari. Kama hakina, shilingi ya kwanza iende hapo, na fundi wa Voi alipwe vizuri.